CRP ya 38, halafu daktari anasema ni virusi?

Dada, umeuliza inakuwaje CRP ya mwanao ifike 38 halafu daktari aseme ni virusi tu, asimwandikie antibiotiki. Inawezekana kabisa. CRP ni protini ya kwenye damu inayotengenezwa na ini mwili ukichokozwa, lakini haisemi mchokozi ni nani. Virusi vya adeno hasa huipandisha mpaka ukadhani ni bakteria. Muda nao una uzito: huanza kupanda saa 6 hadi 12 baada ya uchokozi na kufika kileleni kama siku 2 baadaye, hivyo damu iliyotolewa mapema mno huweza kudanganya kwa upande wa pili: CRP ikaonekana ndogo ingawa bakteria wapo.

Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, inasaidia kidogo zaidi kutofautisha bakteria na virusi, maana intaferoni, silaha ya mwili dhidi ya virusi, huizuia isipande. Ipo pia MxA, protini nyingine inayopimwa kwenye damu, inayopanda kwa virusi hasa. Kwa swali lako hiyo ndiyo ningeitaka, ila maabara nyingi hazina.

Mwangalie mtoto kuliko karatasi. Kama ana mwaka 1 hadi 5, mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mrudishe hospitali leo leo, majibu yaseme yanavyosema.