Antivairasi imefuta kirusi, mbona bado wanaingia kwenye Gmail?

Dada wa Masasi, nimekusoma. Laptopu ya steshenari ilikuwa nzito, antivairasi ikakamata "Trojan" (programu hasidi inayojifanya kitu cha kawaida) ikaifuta, ukabadilisha nywila ya Gmail hapohapo, na kesho yake mtu akaingia tena, safari hii mpaka kwenye ukurasa wa Facebook wa duka. Fundi anakwambia kirusi kimehamia kwenye BIOS, ile programu ndogo ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, kwa hiyo mazabodi ibadilishwe. Usitoe hela hiyo. Virusi vya BIOS vipo, ila ni nadra mno, na hali uliyoieleza ina sababu nyepesi zaidi.

Wadudu hawa mara nyingi huja wawili wawili: kuna mwizi, na kuna mlango wa nyuma. Mwizi hakai. Anabeba nywila zote ulizohifadhi kwenye Chrome, anabeba kuki, anapiga picha ya skrini, anatuma kwa bosi wake, basi. Dakika chache tu. Chrome huzifunga nywila hizo kwa ufunguo unaotegemea akaunti yako ya Windows, na programu uliyoifungua wewe mwenyewe inatembea kwa jina lako, kwa hiyo ufunguo inao. Mwaka 2024 Google waliongeza kufuli jingine kuanzia Chrome 127, wezi wakalipita mwaka huohuo. Mlango wa nyuma ndio unaobaki: mtu anaiamrisha kompyuta yako akiwa mbali, anasoma unachochapa, na ukimfuta mwizi wa kwanza anamleta wa pili. Ile nywila mpya uliyoichapa kwenye laptopu hiyo, alikuwa anaisoma.

Uliuliza pia kwa nini namba za uthibitisho za SMS hazikukulinda. Ni kuki. Ukishagongwa mhuri mkononi pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, ukitoka kununua maji ukirudi huulizwi tiketi. Kuki ni mhuri huo, na unaweza kuhamishiwa kwenye mkono wa mtu mwingine. Aliyenao hatafuti nywila wala SMS, tovuti inamwona ni wewe umeshaingia.

Hii ni biashara kubwa, wanaotengeneza programu hizi wanazikodisha kwa mwezi. RedLine, mmoja wa wezi hao, ilionekana mwaka 2020 na polisi wa Uholanzi na wenzao waliivamia Oktoba 2024. Lumma, mwizi mwingine, ilivamiwa vilevile Mei 2025: Microsoft walihesabu zaidi ya kompyuta 394,000 zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo hakuna aliyekaa akakulenga wewe wala duka lako.

Imeingiaje? Kwa steshenari za huku Kusini nina washukiwa watatu. Wa kwanza ni Photoshop, CorelDRAW au Office iliyokrakiwa. Ukiona maelekezo yanasema "zima antivairasi kwanza", ujue umeshaambiwa kila kitu. Wa pili ni flashi za wateja: folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya unaona faili zako kama kawaida, kumbe nyuma yake kimeanza kitu kingine. Wa tatu ni faili lenye mikia miwili. Msimu wa korosho uliopita niliisafisha mashine ya karani wa chama kimoja cha msingi aliyefungua "bei ya mnada.pdf.exe", Windows ilimficha huo mkia wa mwisho, yeye akaona pdf tu. Siku hizi kuna na kurasa zinazokutaka uthibitishe wewe si roboti kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hapo unakuwa umekiingiza kirusi kwa mkono wako.

Sasa kazi yenyewe, na mpangilio ni muhimu kuliko dawa. Kata intaneti ya laptopu. Chukua simu ambayo haijawahi kuchezewa, anza na Gmail kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote: toa vifaa vyote vilivyoingia, badilisha nywila, halafu kagua namba na barua pepe za urejeshaji. Usiishie hapo. Ingia kwenye mipangilio ya Gmail uone kama barua zako zinapelekwa kwa mtu mwingine, au kuna kichujio kinachofuta taarifa za usalama. Wengi hawafiki huko, na mwizi anaendelea kusoma barua mwezi mzima. Kisha Facebook, na vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp.

Kuhusu laptopu, unaweza kuwinda. Defender, antivairasi inayokuja na Windows, ina ukaguzi wa nje ya Windows (Offline scan), mashine inajizima, inajiwasha na kukagua kabla Windows haijawaka. Kabla ya hapo angalia kwenye mipangilio ya Defender orodha ya vitu ilivyoambiwa isivikague. Wadudu hupenda kujiandika humo. Autoruns ya Microsoft ni ya bure, inakuonyesha kila kinachojiwasha: Task Scheduler, vifunguo vya Run, folda ya Startup. Kitu chenye jina la ajabu kinachotokea kwenye folda ya AppData kitilie shaka.

Ila kwa mashine inayopitisha shida za watu, mimi napiga Windows upya. Hifadhi nyaraka na picha pekee, programu ziache. Futa partisheni zote (vipande vya diski), na Windows itoke tovuti ya Microsoft. Flashi ya fundi yenye Windows iliyokwisha kuamilishwa kinyemela inaweza kukurudisha palepale. Itakula GB kadhaa za bando, tafuta wifi.

Jambo linaloniuma zaidi ni wateja wako. Umewajazia fomu za HESLB (mikopo ya wanafunzi), Ajira Portal, TRA, na najua nywila zao ziko kwenye Chrome hiyo maana nimeziona kwenye steshenari nyingi. Kabla hujafuta chochote, fungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa, nakili majina kwenye daftari, uwapigie mmoja mmoja wabadilishe kwa simu zao. Baadhi watafoka. Wapigie hivyohivyo, na kuanzia sasa kazi ya mteja ifanyike kwenye dirisha la mgeni la Chrome, likifungwa halibakizi nywila wala kuki.

Kama hutaki kupiga Windows, weka hapa picha ya Autoruns ukiwa umeficha majina ya watu, tuiangalie pamoja. Taja na Windows uliyonayo, maana kama ni 10, Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.