Tangi dogo la presha la plastiki: wachana na paipu ya PVC

Bosi, umesema unataka tangi la plastiki la lita 3 hivi la modeli yako ya kunyunyizia miche, lishike bar 4, na kuna fundi amekushauri ukate paipu ya PVC ya inchi 4, ugundishe endi kapu pande zote mbili halafu ujaze upepo. Tafadhali, hiyo usifanye. Najua PVC iko kila hadiweya na bei yake ni ya mwananchi, na ukiona namba ya bar imepigwa kwa paipu unasema basi imetosha, lakini hiyo namba ni ya maji baridi. Maji hayabanwi, ufa ukitokea yanavuja na presha inashuka papo hapo, lakini upepo uliobanwa hutoka kwa kishindo, na PVC haivimbi kwanza ikakuonya, inapasuka vipande vyenye makali vinaruka kila upande. Marekani idara ya usalama kazini ilitoa onyo kuhusu upepo kwa PVC tangu 1988 na mpaka leo watu bado wanaunda.

Piga hesabu kidogo. Bar moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba, sasa kifuniko cha upana wa sentimita 10 ukikipa bar 4 kinasukumwa na zaidi ya kilo 300, yaani magunia matatu na nusu ya mahindi yamekalia gundi tu. Ndio maana mimi hupenda tangi jembamba na refu kuliko fupi na nene.

Kabla ya kuunda chochote, pitia agroveti uangalie zile pampu za dawa za lita 5 za kubeba begani, zile unasukuma mpini juu chini kwanza ndio unyunyize. Hilo tangi lote ni la presha, lina valvu ya usalama tayari, nyingi zinaachia kati ya bar 2 na 3. Usichanganye na ile ya mgongoni ya lita 16 au 20 yenye mkono wa pembeni, hiyo tangi yake kubwa haina presha kabisa, presha iko kwa kichemba kidogo cha ndani, kwa hivyo ukiinunua ukitegemea tangi utakuwa umepoteza pesa.

Ikiwa lazima iwe bar 4, angalia jagi za filta za maji, zile za inchi 10, kwa maduka ya vifaa vya kusafisha maji. Moja inabeba kama lita moja, ina oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), ina theredi ya nusu inchi au robo tatu na unaifungua kwa rinchi yake ukitaka kuangalia ndani. Soma lebo, presha ya juu imeandikwa hapo. Unaweza kuunga tatu, ila ziwe zimejaa maji, upepo uwe kidogo sana, na usizitoboe popote.

Ukitaka kuunda mwenyewe, chukua PPR, ile paipu ya plastiki ya maji inayoungwa kwa kuyeyushwa kwa joto, ya 63 mm PN20 (yaani ya bar 20 kwa maji baridi). Ukuta wake ni 10.5 mm, ndani inabaki 42 mm, mita moja inabeba karibu lita 1.4, kwa hivyo vipande viwili vya mita moja vikiungwa kwa elbo unakaribia lita 3, na kifuniko kinasukumwa na kilo 55 hivi tu. Tafuta fundi mwenye mashine ya kuchoma, joto nyuzi 260, sekunde kama 24 kwa saizi hiyo, asukume moja kwa moja bila kuzungusha. Joini nzuri utaiona, pete ya plastiki iliyoyeyuka inazunguka mdomo wa soketi yote bila pengo. Ikikatika mahali, kata hiyo joini, rudia. Na usijaribu gundi kwa PPR ama kwa tangi la poliethilini, hata epoksi itabanduka.

Kupima ni kwa maji, si kwa upepo. Jaza mpaka juu, toa upepo wote, panda polepole hadi bar 6 yaani mara moja na nusu ya kazi yako, iache nusu saa ukiangalia geji. Mafundi wa mifereji wako na pampu ya mkono ya kupimia, ongea na mmoja akukodishie. Geji na valvu ya kuachia presha utazipata upande wa Kirinyaga Road, Nairobi, hiyo valvu iseti bar 4.5, na kati ya valvu na tangi usiweke koki yoyote, kwa sababu mtu ataifunga siku moja. Tangi likae kivulini, PPR ikipata joto nguvu yake inashuka.

Halafu tuambie nozeli yako ni gani. Za ukungu ndizo hutaka bar 4, lakini springla ndogo za kawaida zinafanya kazi vizuri na bar 2, na kama ni hizo basi pampu ya agroveti inakutosha.