FileReader kukataliwa na kompaila
Ukiandika programu ya Java inayosoma faili kwa FileReader, kompaila (chombo kinachotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) inaweza kuikataa hata kama faili lipo. Kuwepo kwa faili hakusaidii hapo. `new FileReader("data.txt")` imetangazwa kuwa huenda ikarusha FileNotFoundException, yaani eksepsheni (ishara ya hitilafu) ya faili kutopatikana, na Java hulazimisha eksepsheni za aina hiyo zishughulikiwe kabla msimbo haujakubaliwa. Ama uizungushie try na catch, ama uandike `throws IOException` kwenye main, pale programu inapoanzia. FileNotFoundException ni mtoto wa IOException (eksepsheni ya jumla ya kusoma na kuandika), hivyo tamko hilo moja linabeba na readLine, inayosoma mstari, pia. Kwa anayeanza, throws inatosha kabisa. Ila ukichagua catch, tafadhali usiiache tupu! Faili likikosekana programu itanyamaza kimya, nawe utahangaika kutafuta kosa. Weka angalau `e.printStackTrace()`, inayochapisha maelezo ya kosa. NullPointerException (kosa la kutumia kitu ambacho ni null) haidaiwi hivyo kwa kuwa iko chini ya RuntimeException, kundi ambalo kompaila hailazimishi lishughulikiwe.