Kambi ya muda mrefu ya timu ya taifa ya vijana: mtoto ahame au abaki?

Mkuu, umeuliza kama kijana wako wa miaka 14 aondoke Musoma akaishi Dar kwenye kambi ya muda mrefu ya timu ya taifa ya vijana. Kwa upande wangu asihame, mpaka waliomwita wakuonyeshe shule kwanza, uwanja utauona baadaye.

Nasema hivi kwa sababu nimelea mchezaji. Mdogo wangu alichukuliwa na kituo kimoja cha soka, sikitaji, akiwa kidato cha pili. Tuliambiwa shule ipo, na kweli ilikuwepo. Ila mazoezi ya asubuhi yalikuwa yakiisha wenzake wameshamaliza vipindi viwili, na jioni anarudi hoi, daftari halifunguliwi. Novemba mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukamkuta yuko na timu mkoa mwingine kwenye mashindano. Akarudia darasa. Mwaka uliofuata kikosi kikachujwa, akaachwa. Karudi nyumbani, timu yake ya mtaani imeshasajili winga mwingine kwa ligi ya wilaya na usajili umefungwa. Msimu mzima akawa anacheza ndondo tu. Hilo la kukosa nafasi huku nyumbani hakuna aliyelitaja siku wanamchukua.

Najua kuna watakaokutolea mfano wa Clairefontaine, kituo cha soka cha vijana kule Ufaransa, walikopita Thierry Henry na Mbappé. Sawa, lakini waambie wamalizie habari yenyewe. Pale wanachukuliwa vijana wa miaka 13 hadi 15 wa ukanda wa Paris, na kituo kiko kilomita 50 hivi kutoka mjini. Jumatatu mpaka Ijumaa wanalala kituoni na kusoma shule ya jirani, wikiendi wanarudi kwa wazazi na kuchezea klabu zao. Musoma na Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, huyo wako atarudi wikiendi gani?

Wamarekani walifanya hiyo ya kuhamisha kabisa. Kuanzia 1999 timu yao ya chini ya miaka 17 iliishi Bradenton, Florida. Kundi la kwanza lilishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la vijana kule New Zealand, na Landon Donovan akawa mchezaji bora wa mashindano. Lakini 2017 wakaifunga kambi hiyo, kwa kuwa akademi za klabu zilishakua na mtoto aliweza kulelewa karibu na kwao.

Hapa kwetu Serengeti Boys, timu ya taifa ya wavulana chini ya miaka 17, ya 2019 iliandaliwa vizuri tu, hadi Uturuki walipelekwa. AFCON ya vijana ikachezwa Dar, tukafungwa na Nigeria, Uganda na Angola, mabao 12 katika mechi tatu. Na Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu, alikuzwa na klabu za hapa: alitokea Mbagala, akapita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe ya Kongo 2011.

Angekuwa binti ningekujibu tofauti kidogo. Mikoani ligi za wasichana ni chache mno, kwa hiyo kambi ndiko anakopata mechi za maana. Serengeti Girls, wenzao wa kike, walikwenda India 2022, mara yao ya kwanza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Wavulana wana mechi kila kona, Musoma hiyo hiyo.

Kambi za wiki mbili tatu wakati wa likizo mruhusu bila wasiwasi. Wakishikilia ahamie moja kwa moja, omba barua yenye jina la shule na tarehe ya kumaliza kambi, na wataje nani analipa matibabu akivunjika mguu. Mkuu wa shule yake ya sasa naye akubaliane nawe kwa maandishi kwamba akiachwa atapokelewa. Halafu, samahani kwa kuligusa hili, kama cheti chake cha kuzaliwa kina miaka ya kuungaunga, sema sasa hivi ukiwa nyumbani. MRI ya kifundo cha mkono, kipimo cha kukadiria umri wa mchezaji, haisomi cheti, na ikimkamata anaondolewa yeye na timu inaingia matatani.