Maswali na Majibu: Ruhusa Ulizozitoa Bila Kusoma

Nikizima data njiani kwenda Tukuyu, je, simu bado inajua nilipo? (Msomaji, Uyole)

Inajua. Hili nimelijibu mara nyingi katika safu hii, na leo nalirudia kwa mara ya mwisho. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS zilizo juu yetu takribani kilomita 20,200, na ikizipata nne hukokotoa mahali ilipo bila kula bando. Kinachokula bando ni ramani yenyewe, kwa hiyo ipakue ungali nyumbani.

Nikiiambia simu kwa sauti inipeleke Mwanjelwa, huandika mambo mengine kabisa. Je, ni mbovu? (Msomaji, Soweto, Mbeya)

Si mbovu. Yangu iliwahi kuandika “mwana jela” nikiwa nimesimama Kabwe, mbele ya dereva wa bajaji aliyecheka hadi akazima injini. Programu hizi hujifunza kutokana na sauti na maandishi yaliyokusanywa, na jina ambalo halikuwamo hulazimishwa lifanane na neno linalofahamika. Google iliingiza Kiswahili katika kuandika kwa sauti mwaka 2017, lakini wengi wanaonilalamikia huzungumza Kiswahili na simu iliyopangwa kusikiliza Kiingereza. Tazameni mipangilio kwanza, ndipo mniandikie. Mwenye nafasi aisomee sentensi chache Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sauti za Kiswahili pia, kwa maana si haki lafudhi ya Mnyakyusa au Mhehe ipimwe kwa ile ya mtangazaji wa redio.

Naomba programu ya kunionyesha alipo mke wangu bila yeye kujua. (Msomaji, Mafinga)

Sitaitaja. Muulize mwenyewe.

Programu ya tochi inaomba kujua mahali nilipo. Niikubalie? (Msomaji, Iringa)

Ikatalie, kisha uifute. Tochi haihitaji kujua kama uko Ipogolo au Kihesa ndipo iwake. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilimchukulia hatua mtengenezaji wa programu ya tochi iliyokuwa ikiwapelekea watangazaji wa biashara taarifa za mahali walipo watumiaji wake. Tangu Android 10 unaweza kuruhusu eneo wakati programu inatumika tu. Tangu Android 12 unaweza kutoa eneo la kukadiria, na alama ya kijani hutokea juu ya kioo maikrofoni inapofunguliwa. Programu za mikopo ya mtandaoni zinazodai eneo, sauti na majina yote ya simuni ndizo ninazoziogopa zaidi, ingawa hukuniuliza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ni vigumu kukitetea kitu ulichokikabidhi mwenyewe kwa kubonyeza “kubali”.

Ramani ilinipandisha Matamba kutoka Chimala wakati wa masika, nikakwama. Nimlaumu nani? (Msomaji, Makambako)

Ramani hukadiria muda kwa urefu wa barabara na kwa mwendo wa simu za waliopita; palipo na magari machache haina pa kujifunzia, na matope haiyaoni. Kabla ya kuzianza kona zile 57 za kupandia Matamba, simama Chimala umwulize dereva aliyeshuka asubuhi hiyo, kwa sababu sauti ya simu itaendelea kukuagiza unyooke mbele hata gari likiwa limezama hadi kwenye ekseli.