Panzi, senene au nyenje?

SWALI: Naandika makala kuhusu wadudu wa mashambani katika ukanda wa tropiki. Kuna mmoja wa kijani, vipapasio vyake vinaupita mwili kwa urefu, na hulia usiku. Nilimwita nyenje, mhariri akabadili kuwa panzi, na mwenzetu mmoja anashikilia kwamba ni senene. Tena mhariri kafuta "anuwai ya wadudu" akaweka "wingi wa wadudu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzenu wa senene ndiye aliyekaribia zaidi.

Mhariri hajakosea, ila neno lake ni pana mno. Kwenye mazungumzo, panzi ni karibu kila mdudu arukaye kwa miguu mirefu ya nyuma. Wataalamu huwagawa mafungu mawili. Wenye vipapasio vifupi ni panzi wa kawaida na nzige. Wengi wao hulia kwa kusugua mguu kwenye bawa. Wenye vipapasio virefu, huyu wako akiwamo, husugua bawa kwa bawa, na masikio yao yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. (Ndiyo, gotini. Wa fungu la kwanza wanayo tumboni.)

Nyenje ningeliepuka. Wengine humwita hivyo mdudu wa mashimoni, wengine yule wa mitini anayefyonza utomvu na kupiga kelele mchana kutwa, ambaye hata si ndugu wa panzi.

Senene tunayemjua, Ruspolia differens, ni wa familia ya Tettigoniidae, na huyo wako ni wa familia hiyohiyo. Lakini familia ina spishi zaidi ya 7,000, na senene ni jina la wachache tu kati yao. Kwa hiyo andika "mdudu wa jamii ya senene", umweleze mara moja, kisha uendelee.

Kuhusu anuwai, hapo mhariri kakuharibia maana. Wingi ni hesabu ya vichwa, anuwai ni hesabu ya aina. Shamba la mahindi matupu lililovamiwa na viwavijeshi lina wadudu wengi ajabu, lakini anuwai yake ni duni. Shamba lenye miti, magugu pembeni na mazao mchanganyiko laweza kuwa na wadudu wachache kwa idadi, kumbe ni wa aina nyingi zaidi. Mrudishie neno lako. Ila nawe usiandike "anuwai ya aina za wadudu": anuwai limetoka kwenye neno la Kiarabu ambalo ni wingi wa neno lenye maana ya "aina", hivyo utakuwa umesema jambo moja mara mbili. "Wadudu anuwai" inatosha, na masikioni mwangu ndiyo tamu zaidi.

Halafu, kwenye aya yako ya pili umeandika "senene nyingi". Ni viumbe hai hao: senene wengi, panzi wengi, nzige wengi.