Moyo nao una ratiba yake: baada ya majibu ya saratani ya titi

Mgonjwa akishapewa majibu, huanza kuambiwa: usilie, utajizidishia ugonjwa. Si kweli. Machozi hayakuzi uvimbe na tabasamu haliuyeyushi. Kazi hiyo ni ya upasuaji, dawa na mionzi. Aliyetwishwa jukumu la kuchangamka kila siku anabeba magonjwa mawili.

Kliniki nenda na mtu mwenye daftari, kwa sababu ukishasikia neno saratani mengi yanayofuata hayaingii. Aandike hatua ya ugonjwa, kama uvimbe unaitikia homoni, matibabu yanayoanza, na tarehe ya kurudi. Ya mwakani yasubiri.

Kemo, yaani tiba ya dawa za kuua saratani, ikianza, chukua kalenda. Dozi nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, na moyo hufuata mzunguko huohuo. Siku za mwanzo unaweza kukesha macho makavu, ukadhani ni woga, kumbe ni deksamethasoni uliyopewa kuzuia kichefuchefu. Inapokatishwa, mara nyingi siku ya 3 hadi ya 5, mwili hulegea na kila kitu huwa kizito. Zitie alama. Siku hizo usiamue kuacha dawa, kuvunja ndoa wala kuuza kiwanja. Mzunguko wa pili ukiona giza limerudi tarehe zilezile, utajua ni dawa inayosema. Kwenye kalenda hiyohiyo zungushia siku ya 7 hadi ya 14: chembechembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, na joto likifika 38 ni hospitali usiku huohuo, si kumeza panadol na kungoja kukuche.

Kama dawa yako ni ya kupukutisha nywele, zitaanza kutoka wiki ya 2 au ya 3. Nyoa kabla, wewe ukiwa ndiye mwenye wembe.

Kama titi limeondolewa, kovu nalo lina hatua zake. Kidonda kikipona, papasa juu ya nguo, siku nyingine mkono wenye sabuni juu ya ngozi, kisha kioo kidogo kwa dakika moja, kioo kirefu mwisho. Mume aone siku unayoichagua wewe. Kwenye sidiria weka kifuko laini cha mtama chenye uzito wa kukaribia titi lililobaki. Pamba tupu ni nyepesi, hupanda juu kila ukiinua mkono.

Wengi huporomoka matibabu yakiisha, jambo linaloshangaza ndugu. Wageni wamekoma, manesi huwaoni, na kila kichomi unadhani ni ugonjwa umerudi. Jiwekee kanuni: maumivu mapya yasiyokwisha kwa wiki 2 yapeleke kliniki, na uvimbe mpya usiupe hata hizo wiki. Tamoksifeni, kidonge cha wenye uvimbe unaoitikia homoni, humezwa miaka 5 au zaidi; ikikuletea joto la ghafla na kukunyima usingizi, sema, usiiache kimyakimya.

Mwaka 1996 wanasaikolojia Tedeschi na Calhoun walichapisha kipimo cha ukuaji baada ya msiba. Wapo wanaoupata: wanajifunza kukataa mchango wa tatu wa harusi, wanampigia dada waliyenuniana naye. Wengine hawaupati, na hawajafeli chochote.

Lakini ukipitisha wiki 2 bila kufurahia lolote, mwambie daktari kama unavyomwambia homa. Wazo la kujidhuru likija, ni siku hiyohiyo, na usibaki peke yako.